Shamba lenye hati ya 1927: nini hasa kilikuwa kinauzwa?

Tangazo lilikuwa la maneno machache: shamba ekari 32, wilaya ya Magu, linagusa ziwa, lina karakana na nyumba, hati ipo tangu enzi za mkoloni, dalali hahitajiki. Aliyelitoa ni kaka mkubwa wa ndugu watatu. Aliyelijibu ni mfanyabiashara wa Mwanza mjini aliyekuwa anatafuta mahali pa kulima nyanya na vitunguu vya kumwagilia, na baadaye kuweka vizimba vya samaki. Familia, mnunuzi na kijiji katika kisa hiki ni vya mfano. Nimeviunga kutokana na mambo yanayojirudia kando ya Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria. Sheria, miaka na historia ni vya kweli.

Nakichambua kwa sababu moja. Watu wakisikia "hati ya mkoloni" wanaona dhahabu, na bei inapanda kabla hata mtu hajaifungua bahasha. Kwenye shamba la namna hii naona kinyume chake: hati hiyo ndiyo yenye thamani ndogo kuliko vitu vyote vilivyomo. Tangu mwanzo, ardhi yenyewe haikuwahi kuuzwa. Kilichouzwa ni kazi iliyofanyika juu yake, pamoja na miaka iliyobaki.

Karatasi mbili

Bahasha ilikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ni haki ya kumiliki ardhi iliyotolewa mwaka 1927 kwa mfanyabiashara wa Kihindi, muda wake miaka 33, ikiwa na ramani ndogo yenye bikoni (alama za mpaka) nne: mbili juu kwenye mwinuko, mbili karibu na maji. Ya pili ni ya mauziano ya mwaka 1957. Mfanyabiashara yule anamwachia kila kitu fundi seremala, ambaye ndiye baba wa hawa ndugu watatu. Imeandikwa kwa Kiingereza cha karani, ina stempu ya ushuru, sahihi mbili, na dole gumba la shahidi.

Hii ya pili ndiyo inayozungumza. Imeorodhesha duka la mabati, bohari ya pamba, karakana pamoja na mvukuto, fuawe, jiliwa na misumeno, mashine ya kusaga, kisima, miembe, na ua wa mkonge unaozunguka sehemu ya juu. Kila kitu kina bei yake pembeni. Linapofikia shamba lenyewe, safu ya bei iko tupu. Badala ya bei pameandikwa kwamba mnunuzi anachukua muda uliobaki, pamoja na kodi ya ardhi ambayo haijalipwa.

Kaka mkubwa aliipita safu hiyo tupu bila kuiona maana yake. "Baba alinunua kwa jasho lake," alimwambia mnunuzi. "Hakupewa na mtu, wala hakuvamia." Alisema kweli. Tatizo ni kwamba hakuuliza baba alinunua nini.

Aliyeuza mwaka 1957 alijua vizuri anachouza. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1923, serikali ya Waingereza ilitangaza ardhi yote ya Tanganyika kuwa ardhi ya umma iliyo mikononi mwa Gavana. Waliokuwa na umiliki huru uliotoka kwa Wajerumani waliachwa nao, lakini kuanzia hapo mgeni aliyetaka shamba alipewa haki ya kulikalia kwa muda, usiozidi miaka 99, kwa kodi na kwa masharti ya kuliendeleza. Muda ukiisha, udongo unarudi ulikotoka. Mwaka 1928 sheria ikarekebishwa ili kutambua kwamba mwenyeji anayelima kwa mila na desturi za kwao naye ana haki, hata kama hana karatasi. Kwa hiyo kulikuwa na njia mbili za kuwa na shamba, ya karatasi na ya mila, na hakuna hata moja iliyomfanya mtu kuwa mwenye udongo.

Kuna jambo jingine kwenye karatasi ya 1957 ambalo mwanasheria yeyote wa ardhi angelitafuta kwanza. Kanuni za Ardhi za 1948 zilisema uhamisho wa haki ya kumiliki hauna nguvu mpaka uwe wa maandishi na uwe umeidhinishwa na Gavana. Maandishi yapo. Idhini haipo. Stempu ya ushuru inaonyesha kwamba ushuru ulilipwa. Haionyeshi kwamba Gavana alikubali. Kwa hiyo hata ile miaka mitatu iliyokuwa imebaki, kisheria fundi hakuipokea. Alichokipokea kwa hakika ni mabati, mashine na mvukuto.

Kwa nini duka la pamba liligeuka karakana

Hapa nitakaa kidogo, maana bila historia ya pamba mtu hawezi kuelewa kwa nini kitu kama hiki kilikuwepo pwani ya Magu, wala kwa nini kiliuzwa mwaka 1957 na si mwaka mwingine.

Usukuma haikuwa nchi ya walowezi. Mashamba makubwa ya wageni yalikuwa Kilimanjaro, Usambara, na kwenye mkonge wa Tanga. Huku Kanda ya Ziwa pamba ililimwa na wenyeji kwenye mashamba yao, na mgeni alikaa mahali pamba inapopita: kwenye mizani, kwenye bohari, kwenye kinu cha kuchambulia. Kabla ya reli kufika Mwanza mwaka 1928, njia ya kutoka nje ilikuwa ziwa. Mzigo ulipakiwa kwenye meli hadi Kisumu, ambako reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imeshafika tangu 1901. Kwa hiyo mtu aliyeomba eneo la ufukweni mwaka 1927 hakuwa na hamu ya kulima. Alitaka mwalo wa kupakilia. Neno shamba liliingia kwenye hati kwa sababu lilihitajika liingie. Kazi halisi ya eneo ilikuwa biashara.

Pembeni ya kila duka la namna hiyo huota ufundi. Mkulima akija na pamba anataka baiskeli yake ichomelewe, plau lake linyooshwe, mkokoteni utiwe gurudumu. Plau la kukokotwa na ng'ombe lilienea sana Usukuma miaka ya 1950, na plau likivunjika msimu wa kulima halisubiri. Zamani zana zilitoka ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, kwa Warongo wa Uzinza, waliokuwa wanayeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa mpaka Usukuma na kutumika hata kwenye mahari. Majembe ya madukani yaliua sehemu kubwa ya uhunzi huo, lakini yalifungua kazi nyingine, ya kutengeneza vilivyoharibika. Fundi wetu aliingia hapo akiwa kibarua wa Mhindi, akashika useremala, akaongeza uhunzi.

Halafu mambo ya pamba yakageuka. Wakulima walikuwa wamelalamika kwa miaka mingi kuhusu mizani ya wanunuzi, na wakaanza kujiwekea wapimaji wao wenyewe. Kutoka hapo vikakua vyama vya msingi, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, iliyoongozwa na Paul Bomani. Kufikia mwisho wa miaka hiyo ya 1950 ununuzi wa pamba kutoka kwa mkulima ulikuwa umehamia kwenye ushirika. Mwenye bohari ya ufukweni akabaki na paa na mizani isiyo na kazi.

Ukiweka mwaka 1957 mbele ya hayo, mauziano yanaeleweka. Mfanyabiashara hakuwa anauza shamba lililomchosha. Alikuwa anaondoka kwenye kazi iliyokuwa inakufa, akamwachia fundi kazi iliyokuwa bado hai, na miaka mitatu ya hati ikafuata nyuma kama mkia. Alipanga bei za vitu kwa haki kabisa. Ningekuwa yeye, nami safu ya shamba ningeiacha tupu.

Mwaka mmoja baadaye, 1958, serikali ya kikoloni ilikuja na pendekezo la kuruhusu wenyeji kuwa na umiliki huru wa ardhi, likifuata ushauri wa Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki ya 1953 hadi 1955. Julius Nyerere aliandika kulipinga. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi haikutengenezwa na mtu. Mtu anachoweza kudai ni chake ni jasho aliloliweka juu yake. Pendekezo halikupita. Ukilinganisha hoja ile na safu za karatasi ya fundi, utaona mwanasiasa na mwenye duka walikubaliana bila kukutana.

Ng'ambo ya ziwa mambo yalikuwa tofauti, na ni vizuri msomaji wa Bukoba asinishtukie. Kule kibanja chenye migomba na kahawa kilinunuliwa na kuuzwa kwa fedha kati ya wenyeji tangu zama za mkoloni, kwa sababu mti wa kudumu unamfunga mtu na kipande kimoja kizazi hata kizazi. Usukuma shamba la pamba au uwele liliweza kupumzishwa, mwenyewe akahamia luseni (ardhi ya kichanga) nyingine, na ng'wanangwa, mkuu wa kijiji, akampa mwingine kile cha zamani. Hapo soko la udongo lilichelewa sana kuota.

Kutoka ekari 32 hadi sita

Sasa tuje kwenye hesabu, maana mnunuzi alikuwa ameshapiga bei kwa ekari 32.

Muda wa hati uliisha mwaka 1960. Hakuna aliyekuja kumwondoa fundi, na yeye hakwenda kuomba upya. Kuanzia hapo alikuwa mtu anayekaa na kulima kama majirani zake wote, na hiyo si haki ndogo, lakini si haki ya ile karatasi.

Mwishoni mwa 1961 ikaja mvua ambayo wazee wa ziwa wote wanaikumbuka. Ziwa lilipanda karibu mita mbili na nusu kufikia 1964. Chukua ufukwe ulio tambarare, unaoinuka mita moja kwa kila mita 40 unazotembea: maji yakipanda mita mbili na nusu, yanaingia nchi kavu mita 100. Shamba hili lina upana wa mita 200 hivi upande wa maji. Mita 100 kwa 200 ni mita za mraba 20,000, yaani karibu ekari tano zilizomezwa. Ziwa limeshuka na kupanda tangu wakati ule. Mwaka 2006 lilishuka hadi watu wakalima mahali walipokuwa wanaegesha mitumbwi, na Mei 2020 likapanda kupita hata rekodi ya 1964. Zile bikoni mbili za chini za ramani ya 1927 hazionekani. Mvuvi mmoja alimwonyesha mnunuzi mahali anapoamini moja ilipo. Palikuwa na mtumbwi juu yake.

Halafu ikaja Operesheni Vijiji. Mwaka 1974 kaya nne zilipangiwa makazi na mashamba sehemu ya juu, ndani ya ua wa mkonge. Kaka mkubwa bado anawaita "wapangaji wa baba". Si wapangaji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999 inathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanyika wakati wa operesheni, kati ya Januari 1970 na Desemba 1977, na haki za zamani juu ya vipande vile zilikoma. Watoto wa kaya zile sasa ni watu wazima wenye wajukuu. Kumuuzia mtu mwingine ardhi iliyo chini ya miguu yao, kwa karatasi iliyokufa mwaka 1960, ni kumuuzia kesi.

Kilichobaki mikononi mwa familia, walichokilima mfululizo na ambacho kila jirani anakubali ni chao, kilipimwa kwa hatua kikawa ekari tisa. Nasema kwa hatua kwa makusudi. Ekari ya kijijini ni hatua 70 kwa 70, na hesabu hiyo si mbaya kama watu wa mjini wanavyodhani: yadi 70 kwa 70 ni yadi za mraba 4,900, na ekari kamili ni 4,840. Ila hatua ya kijana mrefu mwenye haraka ya kuuza si hatua ya mnunuzi, na mpimaji alipokuja na kifaa chake tisa ikawa nane na nusu. Kwa hesabu zinazofuata nitabaki na tisa, ndizo walizokuwa wanabishania.

Toa sasa ukanda wa maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu, au zinazoweza kuharibu ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Mita 60 kwa 200 ni mita za mraba 12,000, karibu ekari tatu. Ukanda huo mtu anaweza kuutazama, kuutunza, kupitisha bomba la pampu kwa kibali, lakini hawezi kujenga wala kuupanga kama shamba. Ukingo wenyewe unahama na ziwa, kwa hiyo ramani ya 1927 haimsaidii mtu kitu hapa.

Zikabaki ekari sita. Vizimba vya samaki navyo vinakaa kwenye maji, na maji hayamo kwenye mauzo ya mtu yeyote. Kizimba kinaombewa vibali vyake, kwa watu wa uvuvi, bodi ya maji ya bonde la Ziwa Victoria na wasimamizi wa mazingira wa taifa. Kuwa na shamba la ufukweni kunakupa mahali pa kupita na kuweka chakula cha samaki, basi.

Mnunuzi alipoona hesabu hiyo alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa katika kisa hiki: "Sasa hapa ni nini kinachoingiza hela?"

Dada na karakana

Kilichokuwa kinaingiza hela hakikuwemo kwenye kichwa cha tangazo. Ilikuwa karakana, na karakana ilikuwa chini ya dada.

Uhunzi wa plau ulipungua, mashine ya kusaga ikachakaa, na kwa miaka kadhaa mahali pale palikuwa mabati tu. Kisha sangara akabadilisha ziwa. Kuanzia miaka ya 1980 uvuvi ulikua kwa kasi, na viwanda vya minofu vilipojengwa Mwanza miaka ya 1990 kila mwalo ulitaka mitumbwi. Mafundi wa mitumbwi wanahitaji vitu vichache: kivuli, sakafu iliyosawazishwa, mahali pa kukaushia mbao, na njia fupi ya kuufikisha mtumbwi majini. Karakana ya baba ilikuwa navyo vyote. Dada alirudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, akaanza kuwakodisha mafundi eneo kwa mtumbwi, si kwa mwezi. Mtumbwi ukitoka, analipwa. Baadaye akaongeza duka dogo la misumari, pamba ya kuzibia nyufa, na lami. Ni biashara isiyo na kibao, na ndiyo iliyomsomesha mdogo wao wa mwisho aliyeko Dar es Salaam.

Kaka mkubwa aliiweka karakana kwenye tangazo kama pambo. Baba mdogo, aliyekaa kwenye kikao cha ukoo, alikwenda mbali zaidi: "Binti anakaa kwa hisani ya kaka zake. Ardhi ya ukoo haiuzwi wala haizuiwi na mwanamke."

"Baba mdogo, shikamoo yako naitoa kila asubuhi," dada alijibu, "lakini hizo ada za shule ulizokuwa unaniomba kila Januari zilitoka kwenye hisani ya nani?"

Kikao kilicheka, na hilo lilisaidia kuliko sheria. Lakini sheria ipo, na ina mzizi hapa hapa Mwanza. Mwaka 1990, Mahakama Kuu ikiketi Mwanza chini ya Jaji Mwalusanya iliamua kesi ya mwanamke wa Muleba aliyekuwa ameuza ardhi ya ukoo aliyorithi kwa baba yake, ndugu wa ukoo wake akadai mwanamke hana ruhusa hiyo kwa mila ya Kihaya. Jaji alisema mila inayombagua mwanamke inapingana na Haki za Binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, na kwamba mwanamke ana uwezo wa kuuza kama mwanamume. Miaka tisa baadaye Sheria za Ardhi za 1999 zikaandika waziwazi kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki, kutumia na kushughulika na ardhi ni sawa na ya mwanamume.

Kwa upande wa uuzaji, jambo la kwanza halikuwa dada wala mila. Lilikuwa kwamba kaka mkubwa hakuwa na mamlaka ya kuuza chochote. Baba alifariki bila wosia, na hakuna aliyewahi kufungua mirathi. Kuwa mkubwa hakumfanyi mtu kuwa msimamizi wa mirathi. Mahakama ya Mwanzo ndiyo inayomteua, baada ya muhtasari wa kikao cha ukoo kupelekwa na tangazo kukaa siku zake. Wanunuzi wengi huliruka hili kwa sababu muuzaji ana sura ya mwenye mji. Miaka mitano baadaye mdogo wa Dar anakuja na barua ya wakili, na kesi inaanzia mwanzo.

Walivyomaliza

Upekuzi kwenye ofisi ya ardhi ulionyesha kilichotarajiwa: jalada la 1927 lilikuwepo, muda umekwisha, hakuna uhamisho wa 1957 uliosajiliwa. Cheti cha ardhi ya kijiji kilionyesha eneo lote liko ndani ya mipaka ya kijiji. Kwa hiyo mauzo yakawa ya ardhi ya kijiji, yenye haki ya kimila. Haki hiyo si ya daraja la chini. Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 1994 kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali, nayo inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba kama mali nyingine. Fundi aliyekaa na kulima tangu 1957 aliwaachia watoto wake kitu halisi, na kilikuwa na nguvu kuliko bahasha yote. Kaka alichukua muda kulikubali hili. Nadhani alihisi baba yake anavuliwa koti.

Mahakama ya Mwanzo ilimteua dada kuwa msimamizi wa mirathi, kwa pendekezo la mdogo wa Dar na, baada ya mvutano, la kaka mkubwa mwenyewe. Ekari sita ziligawanywa: nne za juu zikauzwa kwa mnunuzi, mbili zenye nyumba na makaburi zikabaki kwa familia. Bei ilipangwa kwa ekari nne za kulimwa, kisima na miembe. Kwa hati ya mkoloni hakulipa hata shilingi, na sioni kwa nini angelipa.

Muuzaji na mnunuzi walikwenda mbele ya halmashauri ya kijiji, si kwa mwenyekiti peke yake nyumbani kwake jioni. Hapa watu wanaumia sana. Muhuri wa mwenyekiti kwenye mkataba unaonekana mzito, lakini sheria inataka ridhaa ya halmashauri ya kijiji, iliyokaa kikao chenye akidi na muhtasari. Mwenyekiti alitaja ile asilimia kumi iliyozoeleka. Mnunuzi aliomba aonyeshwe sheria ndogo ya kijiji inayoitaja na risiti itakayotolewa. Akaonyeshwa ada ya kawaida, akalipa hiyo. Alilipa nusu ya bei siku ya kikao, na nusu nyingine ikabaki hadi hati ya hakimiliki ya kimila itoke kwa jina lake. Kaya nne za juu zilitumia nafasi ile ile ya mpimaji kuwepo, zikapima vipande vyao na kuomba hati zao.

Kuna mpaka mmoja uliobaki na ubishi, kati ya mnunuzi na kaya mojawapo, pale ua wa mkonge ulipokufa na minyaa ikapandwa pembeni hatua tatu. Umepelekwa baraza la kata. Tangu marekebisho ya 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, haliamui. Usuluhishi ukishindikana ndipo mtu anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa hatua tatu za ardhi natumaini hawatafika huko.

Karakana haikuuzwa. Lakini sakafu yake ya zege ilikuwa ndani ya mita 60, na dada alijua siku moja mtu wa mazingira angekuja na futi kamba. Fedha ya mgao wake aliitumia kujenga banda jipya upande wa juu, nje ya ukanda, kwenye zile ekari mbili, akahamisha jiliwa, fuawe na mbao za kukausha. Mafundi walinung'unika kwa sababu mtumbwi sasa unasukumwa mbali zaidi, juu ya magogo, watu wanane kwa mtumbwi mmoja. Akawapunguzia kodi ya mtumbwi mpaka msimu wa dagaa uishe, na akaandikiana nao mkataba wa mwaka mmoja, wa kwanza kuwahi kuandikwa pale tangu ule wa 1957.